Kipande cha Tairi, Njia ya Biliqo

Kwanza kabisa, sikushikwa na mtu. Nimesikia hapa mtaani Bulla Pesa mnaambiana eti Akiru alienda harusi Biliqo akasakwa kama mwizi wa ngamia. Aliyewaambia simjui, ingawa namshuku rafiki yangu Halima, maana Halima akisimulia jambo hulitia chumvi mpaka halilambiki. Basi kaeni niwaeleze vile ilikuwa.

Mnakumbuka nilivyoondoka. Mama alikuwa amechoka na ndoto zangu. Nilikuwa nimetaka kuwa mtangazaji wa redio, halafu muoka keki, halafu mwimbaji kanisani, na mwalimu wa kwaya aliniomba kwa upole niendelee kuombea kwaya nikiwa nimekaa. Ndoto iliyokuwa imebaki ni hina. Wasichana wa Kiborana na wa Kisomali niliokua nao walinifundisha kuchora maua mikononi na miguuni, na ingawa mimi ni Mturkana na Jumapili niko kanisani, mkono wangu si mbaya. Halima akaniambia binti ya mjomba wake, Kame, anaolewa Biliqo, na huko hakuna wa kumchora maua ya kisasa. "Ukimpaka Kame," akasema, "kila bibi harusi kutoka hapo mpaka Merti atakutafuta."

Mama akanisikiliza akikoroga uji. "Nenda," akasema. "Lakini ukirudi uniambie kazi yako ni gani. Ukikosa jibu, unaenda Nanyuki kwa shangazi yako, anahitaji mtu wa duka."

Shangazi ni mtu mzuri. Shida ni kwamba dukani kwake mtu husimama tangu asubuhi mpaka jioni, na mguu wangu mnaujua. Kwa wasioujua: nikiwa mdogo mkokoteni wa punda wa maji ulinipindukia, mfupa ukaunga vibaya, na mguu wa kushoto ukabaki mfupi. Tangu shule ya msingi mimi mwenyewe hukata raba nikaibandika chini ya kiatu cha kushoto ili nisiyumbe. Nilikuwa nafanya hivyo kama mtu anavyochana nywele, bila kufikiri.

Kwa hiyo nilipanda lori na koni za hina kwenye mfuko, nikijua kwamba harusi moja ndiyo itasema kama nabaki Isiolo na kazi yangu au naenda kusimama Nanyuki.

Isiolo mpaka Ngaremara

Lori la Merti lilikuwa limejaa unga, sukari na magodoro. Tuliambiwa linatoka "saa hii." Taniboi, yaani utingo, kijana mwembamba anaitwa Diba, alisema "saa hii" tulipofika, akasema "saa hii" tulipomaliza chai, akasema tena "saa hii" watu walipotoka msikitini adhuhuri. Ikaja kujulikana kwamba dereva hawezi kuwasha gari kabla miraa yake haijafika kutoka Maua. Ilipofika, akaiweka kwenye paja kama mtoto mchanga, tukaondoka.

Halima na mimi tulikaa juu ya magodoro. Hakuna kiti kizuri kama hicho duniani, mpaka lori lipite kwenye shimo, ndipo unagundua kwamba godoro hukurusha kuliko ubao. Mama yake Halima alikuwa ametufungia mkebe wa nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa ikakaangwa vipande vidogo na kuhifadhiwa kwenye samli. Niliufungua tu nionje.

"Akiru, hiyo ni ya njia nzima," Halima akasema.

"Si tuko njiani?"

Ngaremara tulisimama kupakia maji. Mama mmoja wa kwetu, anayeuza makaa, akanisikia nikiongea Kiturkana na akaniuliza naenda wapi na watu wa kaskazini. Nikamwambia harusi, Biliqo.

"Harusi ya nani?"

"Ya rafiki."

Akanitazama tangu kichwa mpaka vidole. "Haya. Wakikuoza huko, mtuambie mapema tujitayarishe kudai ng'ombe."

Kupita Gotu

Tulikuwa tumepita Gotu tairi la nyuma lilipopasuka. Mlio ulikuwa mkubwa hata mzee mmoja akawa ashajilaza katikati ya magunia kabla sisi wengine kujua ni nini. Watu wa barabara hii hawangoji kuuliza mlio ni wa nini. Aliposikia dereva akitukana tairi, aliinuka polepole, akajipangusa unga, akasema alikuwa anatafuta tasbihi yake.

La akiba nalo lilikuwa limekufa. Diba akatumwa na pikipiki iliyopita ili alete lingine, na sisi tukabaki hapo jioni hiyo, na kesho yake pia tukabaki. Harusi ilikuwa bado, kwa hiyo nilijipa moyo. Tulipika ugali kwa unga wa mwenye mzigo, aliyekuwa nasi akila, akilalamika kwamba tunakula unga wake.

Lakini lile joto! Gundi ya kiatu changu cha kushoto iliyeyuka, raba ikaachia, nikawa natembea kama meza ya mguu mmoja mbovu. Nikaenda kando ya barabara palipolala mabaki ya tairi, nikachukua utepe mrefu uliochanika, sehemu isiyo na waya. Diba, ambaye alikuwa amerudi na tairi akisubiri lifungwe, akaniona.

"Wewe dada, umetoka Isiolo kuja kuokota takataka?"

"Naokota mguu wangu," nikamwambia.

Mimi husafiri na kisu kidogo, sindano ya viatu na uzi wa nailoni, kama wengine wanavyosafiri na kitana. Nikakaa kwenye kivuli cha lori nikakata, nikashona, nikavaa, nikasimama wima. Mama mmoja akavua ndara zake akazisukuma mbele yangu. Kamba ilikuwa imekatika. Nikashona. Halafu mzee wa tasbihi naye. Nilikuwa napitisha saa tu. Utepe uliobaki niliukunja nikauweka kwenye mfuko, juu ya hina, nisijue ni kwa nini. Labda kwa sababu ulikuwa mzuri, mzito, na mtu wa viatu vibovu hujua raba nzuri.

Biliqo, na bibi harusi

Tulifika Biliqo alasiri, siku moja kabla ya harusi. Nilishuka nikakimbia, kadiri ninavyoweza kukimbia, moja kwa moja mpaka nyumba ya wanawake. "Salaam aleikum," nikasema mlangoni nikiwa na koni mkononi.

Kame alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono na miguu imenyooshwa mbele. Alikuwa ashapakwa. Shangazi yake mmoja alikuja kutoka Kinna siku iliyotangulia, na alipoona sisi hatufiki akasaga hina mwenyewe. Ilikuwa nyekundu iliyoiva, mpaka viwikoni, na lazima niseme ukweli: ilikuwa nzuri kuliko yangu. Kame akanihurumia sana. Akasema, "Dada, nipake hata kidole kimoja," lakini hakukuwa na kidole kilichobaki.

Nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia. Niliona duka la Nanyuki, niliona sakafu yake ya simiti.

"Wewe!" sauti ikasema. "Wewe nalia harusi ya mtoto yangu? Ngoja kwanza, harusi ni kesho."

Alikuwa Mzee Godana, baba ya Kame. Halima humwita abuya, yaani mjomba, ndugu ya mama yake. Ni mrefu, mchokozi, na alikuwa ameegemea fimbo. Nilipangusa macho nikamsalimia kwa heshima. Yeye alikuwa anaangalia miguu yangu.

"Kiatu yako moja imevimba."

"Mguu mmoja ni mfupi, mzee."

"Aa!" Akafurahi kama mtu aliyekutana na mtu wa kijiji chake ugenini. "Hata yangu! Ngamia ilianguka juu yangu kwa kisima. Zamani. Sasa hii mguu inaenda, ile inafuata ikitaka." Akakaa kwenye jiwe. Halafu akaacha utani. "Kesho watu ya bwana harusi nakuja. Mimi ndio natoka kuwapokea. Na hii fimbo, natembea hivi, hivi... Watasema, huyu ni baba ya bibi harusi ama ni ngamia mzee inapelekwa soko?"

Nikatoa ule utepe wa tairi kwenye mfuko.

Nilimpima kwa kamba akiwa amekaa, kama nilivyojipima mimi maisha yote, nikachukua akala zake, vile viatu vya tairi wanavyovaa wachungaji, nikaweka chini ya cha kushoto raba juu ya raba. Cha kulia nacho nikakitia soli mpya ili vifanane. Kisu kiliniteleza mara moja kikaacha alama ya mshazari kwenye kisigino. Jua likiwa linashuka, akavaa akasimama. Akapiga hatua, akageuka, akapiga nyingine. Fimbo akaiacha kwenye jiwe.

Jamani, yule mzee alitembea! Alitembea kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya sikukuu. Alizunguka boma, akaenda kuona ngamia, akaenda kuona mbuzi, akarudi kuona ngamia tena kana kwamba wamebadilika. Watu wengi walikuwa ndani wakishughulika na mambo ya harusi, hakuna aliyemwona ila mimi na kuku.

Baadaye tukaletewa buna, yaani kahawa nzima nzima iliyokaangwa kwenye samli, imeelea kwenye bakuli. Wenzangu walitafuna kahawa, na samli wakajipaka mikononi na kwenye nywele. Mimi nilidhani ni ya kunywa yote, nikainywa yote. Shangazi wa Kinna akaniuliza kwa upole kama nina nia ya kukesha mpaka mwaka ujao.

Asubuhi ya nyayo

Nikaamshwa na mluzi, halafu wanaume wakiitana. Tulipotoka, tukawakuta wameinama nje ya boma la ngamia. Mbele yao alikuwa Jarso, jirani ya Mzee Godana, mtu mkavu asiyecheka. Halima akanitafsiria, uso umempauka.

"Anasema mgeni ameingia. Anasema, huyu ni mtu mrefu, miguu yote mizima, ana haraka. Alisimama hapa akaangalia ngamia. Akaenda kwa mbuzi. Akarudi kwa ngamia tena."

Lazima mwelewe kitu kimoja. Watu wa Biliqo wanajuana kwa nyayo kama sisi hapa mjini tunavyojuana kwa sura. Mtoto akipita anajua shangazi yake alipita, na alikuwa amebeba maji. Nyayo usizozijua karibu na boma, asubuhi ya harusi, watu wamejaa na mifugo imekusanywa, si jambo la kuchezea. Akina mama walikuwa tayari wanaingiza watoto ndani.

Jarso akaweka kidole kwenye mchanga. "Kiatu cha tairi la lori, mistari bado mipya," Halima akatafsiri. "Huyu ametoka barabarani." Halafu Jarso akasema kitu kingine akiwa ameangalia chini, na Halima hakutafsiri. Haikuhitaji tafsiri. Wote waliniangalia mimi, Mturkana peke yangu, niliyeshuka kwenye lori jana yake, kana kwamba mimi ndiye niliyewaletea mwizi wa mifugo.

"Alikuja na mimi!" Halima akapiga kelele kwa Kiswahili, hasira imemsahaulisha lugha. "Na mimi na hina! Mnataka nini?"

Nikainama nitazame huo unyayo. Mistari ya tairi. Na kwenye kisigino, alama ya mshazari, pale kisu kiliponiteleza.

"Mzee!" nikamwita Jarso. "Hicho kiatu nilikitengeneza mimi! Ni cha—"

Lakini walikuwa washaondoka, fimbo mkononi, wakifuata nyayo kwa mwendo wa kimya unaotisha. Nikawafuata nikichechemea na kuita kwa Kiswahili watu ambao hawakuwa na nafasi ya Kiswahili. Nyayo zikazunguka boma, wakazunguka. Zikaenda kwa mbuzi, wakaenda. Zikarudi kwa ngamia, wakarudi. Mwisho zikanyooka mpaka mlango wa Mzee Godana. Jarso akainua mkono. Wakaizingira nyumba.

Mlango ukafunguka. Mzee Godana akatoka na kikombe cha chai, akawatazama mmoja mmoja.

"Harusi ni mchana," akawaambia kwa Kiborana, vile Halima alinitafsiria. "Na hizo fimbo ni za nini? Mahari tulishakubaliana."

Jarso akaangalia miguu yake. Mzee akapiga hatua mbili mbele kutaka kujua kuna nini, na Jarso akaangalia mchanga nyuma yake. Akaangalia tena miguu. Halafu yule mtu asiyecheka akatoa sauti kama ya ngamia anayekataa mzigo, akakaa chini, akacheka mpaka kilemba kikaanguka. Basi ikawa ni kijiji kizima. Nyanya mmoja alishikilia nguzo ya nyumba akimwomba Mungu ampumzishe kidogo acheke polepole.

"Mmenifuata mimi?" Godana akauliza. "Mimi ndiye mwizi? Nimeiba ngamia zangu?"

Niliposema kwamba kiatu ni kazi yangu, Jarso aliinuka akanishika mkono wa gauni, akanivuta mpaka njia ya kisimani. Nikafikiri bado ana neno na mimi. Kumbe alitaka kunionyesha. Pale kulikuwa na nyayo za Godana za siku zilizopita, na Jarso akanisomea kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Mguu wa kulia umezama. Wa kushoto unafagia vidole. Hapa fimbo. Hapa alichoka, akasimama. Hapa ilimuuma. Halafu akanirudisha kwenye nyayo mpya. "Nzuri," akasema. "Lakini ona kisigino. Inachimba nje. Umeinua sana. Leo nacheka, kesho mgongo naumia."

Nikapiga magoti nikaona. Nisiwadanganye, nywele zilinisimama. Maisha yangu yote nimepima kwa kamba, mtu akiwa amekaa, na kumbe mtu aliyekaa hatembei! Mimi mwenyewe nilikuwa nikiumwa kiuno miaka yote kwa sababu hiyo hiyo, na maandishi yalikuwa nyuma yangu kwenye kila njia niliyopita. Nikamwomba mzee avue. Nikapunguza raba. Akatembea, tukasoma. Nikachonga kidogo upande wa nje. Akatembea, tukasoma. Nilisahau kunywa chai, nilisahau Nanyuki, nilisahau hata kwamba nilikuwa nimeogopa. Ilipofika mahali nyayo zikalala sawa, kulia na kushoto, kama maneno ya mtu anayejua anachosema, nilitaka kupiga vigelegele na nikapiga.

Mchana watu wa bwana harusi walifika. Mzee Godana akatoka mbele ya wote, bila fimbo, mkono umenyooshwa. Baba ya bwana harusi akamsalimia kwa haraka, akachungulia nyuma yake, akauliza, "Godana mwenyewe yuko wapi?"

Jarso hakuniomba msamaha. Jioni alimtuma mama yake, ambaye nyonga yake ni mbovu, aje kwangu na viatu mkononi. Kwa Kiborana au kwa Kiturkana, mimi nilielewa. Kabla ya kukata chochote nikamwambia, "Mama, tembea kwanza nione."

Kurudi, juu ya mbuzi

Lori lile lile, likirudi kutoka Merti, lilikuwa limebeba mbuzi wa soko la Isiolo, na abiria tulikaa kwenye vyuma juu yao. Mbuzi mmoja alikula ukingo wa leso ya Halima tangu Gotu mpaka Ngaremara, na Halima akadhani ni upepo. Mimi nilikuwa nimetulia sana hata Diba akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia nafikiria jinsi ya kumwambia mama.

Mama alinipokea, akaninusa, akanipa maji ya kuoga kwanza. Halafu akakaa. "Haya. Kazi gani?"

Nikamweleza yote. Akakunja uso. "Kushona viatu? Si wako pale stendi, wamejipanga?"

"Si viatu, mama. Ni miguu. Watu kama mimi."

"Na watajuaje uko hapa?"

Nilinunua mchanga wa mto toroli moja, nikautandaza mbele ya mlango wetu mpaka karibu na lango, nikausawazisha kwa ubao. Mlipita mkauliza kama tunajenga. Wa kwanza kuuliza vizuri alikuwa yule kaka wa bodaboda aliyevunjika paja. Nikamwambia avue viatu apite juu ya mchanga. Akaniona kichaa, lakini akapita. Nikainama. Mguu wa kulia ulikuwa ukiomba msaada kwa kila hatua, na yeye mwenyewe hajui. Baada yake amekuja msichana mmoja wa shule na mama yake, kisha mama huyo akaleta jirani.

Mama yangu, siku hizo zote, alikuwa anapita pembeni, kwenye ukuta, ili asikanyage mchanga. Juzi nilikuwa nje nimepiga magoti, kisu mkononi, yule msichana wa shule akitembea mbele yangu kwa mara ya nne na kucheka, nikasikia simu ikilia ndani. Alikuwa shangazi wa Nanyuki, anauliza atume nauli lini.

"Hapana," mama akamwambia. "Haji. Ako kazini."